Nilijifunza Kuuliza Tu

Swali la kwanza nililofundishwa kwa Kitagalogi lilitokana na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa yangu. Nilikuwa sijazoea hata milango ya ile nyumba ya Al-Suwaidi, Riyadh, nilikoletwa kufanya kazi za ndani. Kila nikiingia jikoni nilimkuta yule Mfilipino aliyenitangulia kazini ameegemea friji, simu mkononi, anaongea na kucheka, kisha ananitupia jicho kuanzia kichwani hadi miguuni. Mimi ni mtu wa Likoni. Kwetu mtu akikutazama huku anacheka na mwenzake, unasengenywa, hakuna tafsiri nyingine. Siku moja nikatua beseni la nguo sakafuni, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba kama ananisema, basi anifundishe hayo maneno nijue natukanwa vipi.

Alinigeuzia simu. Kwenye kioo nikamwona bibi kizee amekaa kwenye kiti cha plastiki, jogoo anapita nyuma yake. "Nanay," akasema, yaani mama yake. Halafu akanieleza polepole alichokuwa akiuliza huyo mama: "Kumain na ba siya?" Je, ameshakula? Aliyekuwa anaulizwa ni mimi. Bibi alikuwa ameiona mifupa ya shingo yangu nikipita nyuma ya mwanawe, na tangu hapo kila akipiga simu alitaka kujua kama nyumba ile inanilisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaokota beseni langu nikaenda kufua, na nilipomaliza nikarudi kumwomba anifundishe kweli.

Kwanza akanikataza kumwita jina. Nimwite Ate, dada mkubwa, ndivyo wao wanavyoitana. Hilo halikunipa tabu, maana hata mimi nisingeweza kumwita mtu wa rika la mama mdogo kwa jina tupu. Tabu ilikuwa "po". Ukisema na mtu mzima lazima po iingie mahali, na mtu mzima mmoja humwiti wewe, unamwita ninyi. "Kumusta po kayo?" Hamjambo ninyi, naye yuko peke yake. Nikamwambia Ate, sisi shikamoo tunaitoa asubuhi mara moja tunamaliza, nyinyi mnaitoa kila pumzi, mtu mwenye pumu atafanyaje. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniambia nirudie, na po iwepo.

Hakuwa na kitabu wala hakuwa na subira. Alinifundisha kwa kuninyima. Tukiwa tunapika, ukimnyooshea kidole chumvi, hakupi. Sharti uiulizie: "Nasaan ang asin?" Chumvi iko wapi? Ukikosea, mkono wake unarudi nyuma na chumvi yake. Kuna siku nilipika wali usio na chumvi kwa ubishi wangu tu, na madam akanigombeza mimi peke yangu, Ate amesimama palepale anasuuza sahani utadhani hahusiki. Lakini kwa njia hiyo nilishika mambo upesi. Ano ni nini. Sino ni nani. Saan ni wapi. Bakit ni kwa nini, na hilo ndilo nililolipenda, kwa sababu mimi ni mtu wa kwa nini tangu utoto na nimepigwa sana kwa ajili yake.

Lililonichelewesha ni "ba". Sisi je yetu tunaiweka mbele kabisa, mtu ajue swali linakuja, kama mgeni anayepiga hodi. Wao ba yao huingia baada ya neno la kwanza, katikati ya mazungumzo, kimyakimya. Pagod ka, umechoka. Pagod ka ba, je, umechoka? Nilikuwa nikiisahau, basi nikimuuliza Ate kama amechoka nakuwa namtangazia kwamba amechoka. Naye ananijibu kwa Kiarabu, "Najua, najua." Alikuwa amechoka kweli. Alikuwa ameilea nyumba ile nzima.

Tulikuwa na msiba mmoja wa lugha uliotuunganisha. Kiarabu kinataka ujue kama unayemsema ni mwanamume au mwanamke, na kwetu sisi wote wawili hakuna kitu hicho. Sisi yeye, wao siya, imekwisha. Kwa hiyo tulimwambia madam kwamba baba wa nyumba amerudi kutoka kazini na mwanamke huyo amechoka anataka chai, na madam akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Madam hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele nitamkasirikia, na sitaki mtu aseme nimemwonea.

Jambo jingine lilikuwa samaki mkavu. Ate alipata kifurushi cha tuyo, samaki wao wa chumvi, kutoka duka moja la Wafilipino, na harufu ilipomfikia madam, halas, basi, ikapigwa marufuku ndani ya nyumba. Mimi niliyekua kwa ng'onda niliona nimeletewa mama yangu mzazi. Tukawa tunapanda na jiko dogo la gesi juu ya paa, kwenye kamba za nguo, tunakaanga huko na kula kwa mkono na wali, mashuka ya madam yakipepea upande wa pili. Huko juu ndiko tulikokuwa tukimpigia Nanay kila Ijumaa asubuhi, wakati kwao jua limeshaanza kurudi nyuma.

Nanay aliishi peke yake katika kijiji kilichokuwa mbali na Manila. Ate ndiye mtoto pekee aliyebaki. Bibi akiniona ananiita anak, mwanangu, na mimi namwamkia kwa po zangu zote, nyingine hazistahili kuwepo hata hapo nilipozitia. Tukishamaliza kuulizana kama tumekula, ananiuliza mimi, si mwanawe, kwa sababu mwanawe alikuwa hodari wa kugeuza mazungumzo: "Kailan siya uuwi?" Atarudi lini nyumbani? Namgeukia Ate. Ate anaangalia samaki.

Alikuwa hajarudi kwao tangu kifungua mimba wa madam yuko tumboni, na huyo sasa alikuwa ameanza kunyoa. Si kwamba hakutaka. Mkataba ukiisha, baba anamwambia, baada ya Ramadhani. Ramadhani ikiisha, shule zinafunguliwa, watoto hawawezi kumkosa sasa hivi. Shule zikifungwa, madam ana mimba. Kuondoka kulitaka sahihi ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini nchini, na kafili alikuwa baba, na baba hakuwahi kusema hapana hata siku moja. Alisema baadaye, kwa upole, huku akimletea Ate zawadi ya Idi. Mtu akikunyima kwa ukali unaweza kumchukia ukapumua. Huyu alimnyima kwa upole miaka yote ile, na Ate akawa anashukuru.

Miaka hiyo ndiyo nchi ilikuwa inabadilika mpaka unaogopa kulala usije ukaamka pengine. Madam alijifunza kuendesha gari. Dereva Mhindi aliyekuwa amekaa nao miaka mingi akakabidhiwa tiketi akaenda zake, na madam akawa anatupakia na kutuzungusha mjini, mikono imekaza usukani, anasoma dua kwenye kila mzunguko. Sinema zikafunguliwa. Maduka yakaacha kufungwa wakati wa swala. Madam akapata kazi ofisini, akanunua abaya ya rangi ya maziwa, akatuita chumbani tumtazame. Tukamsifu kwa dhati, maana alipendeza na alikuwa na furaha.

Halafu Ate akasoma kwenye simu yake kwamba mfanyakazi sasa anaweza kuhama au kuondoka bila kafili kumruhusu. Alinisomea juu ya paa, anatafsiri kidogokidogo, uso umemng'aa. Akashuka kwenda kumuuliza baba. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba sheria hiyo ni ya watu wa makampuni, ninyi wa majumbani hamumo. Na alikuwa anasema kweli. Ate akarudi juu akakunja nguo. Mimi ndiye niliyetukana, kwa Kiswahili, lugha pekee niliyojua kutukana sawasawa. Mabadiliko yalikuwa yamefika mpaka sebuleni yakaishia kwenye mlango wa jikoni.

Baba akapata kazi nzuri zaidi Bandari ya Jeddah, tukahama. Kabla ya kuhama alimuahidi Ate mbele ya madam na mbele yangu: tukishatulia Jeddah, unakwenda. Safari hii alitaja mpaka shirika la ndege. Ate akamwambia Nanay, na Nanay akaanza kutengeneza chumba. Kila Ijumaa tulionyeshwa kitu kipya kupitia simu. Kitanda kimepakwa rangi. Pazia la maua. Mbuzi mmoja ametengwa na wenzake, na mimi nikauliza "Bakit?" nikaambiwa ni wa siku hiyo. Nanay alikuwa amezeeka sana kufikia hapo. Mkono ulimtetemeka hata picha ikawa inacheza, na Ate akizima simu alikuwa akiniambia neno moja tu, kwamba anaomba amkute. Hakuomba jingine. Si nyumba wala gari. Amkute mama yake yu hai.

Jeddah kuna unyevu kama kwetu, nguo hazikauki na chumvi inaganda kwenye kikopo. Mimi nilifurahi, ngozi yangu ilijisikia nyumbani. Ate kichwa kikaanza kumuuma. Nilikuwa nikimuuliza, "Masakit ba?" Unaumwa? Anajibu kidogo tu, na kidogo ya mwanamke wa kazi unaijua maana yake. Nilimwambia madam, na madam akampa vidonge, na kweli alisema wiki ijayo nitampeleka daktari. Wiki ijayo. Hata maradhi ya Ate yaliambiwa yangoje.

Alasiri moja madam alitaka kuwapeleka watoto sinema, filamu ya katuni, nami niende kumshika mdogo. Ate alikuwa amelala kidogo chumbani kwetu, chumba chembamba nyuma ya jikoni. Nilichungulia, nikamwona amegeukia ukutani, nikaona nimwache apumzike. Tuliporudi watoto wakatangulia kumtafuta wampe bisi walizombakizia. Mimi nikawavuta nje. Nilijua nikiwa mlangoni. Mtu aliyelala ana namna yake ya kujaza chumba, na chumba kile hakikuwa na mtu.

Sitaeleza sana. Madam alilia mpaka akakaa sakafuni na abaya yake nyeupe. Baba akapiga simu huku na huku, wakaja watu wakamchukua, daktari akasema ni mshipa wa kichwani. Baba akaniambia wakala atawasiliana na wakala wa Manila, naye atawaambia kwao, na mimi nisiseme lolote mpaka karatasi zikamilike. Simu ya Ate akaniachia niitunze. Jeneza lilikuja kuondoka baadaye sana, na mimi sikupelekwa uwanja wa ndege. Lakini kabla ya jeneza ilikuja Ijumaa.

Simu ililia nikiwa juu ya paa. Nanay. Nilidhani wameshaambiwa. Nikapokea nikiwa tayari kulia naye, na kwenye kioo nikaona bibi anatabasamu, nyuma yake pazia la maua, na ananiuliza kama kawaida, "Nasaan ang anak ko?" Mwanangu yuko wapi?

Wewe ungefanyaje? Mimi nilifanya nilivyofundishwa na kwetu. Kwetu mtu wa mbali hapigiwi simu akaambiwa fulani amekufa. Huo ni ukatili, mtu atadondoka alipo na hana wa kumshika. Anaambiwa fulani anaumwa, hali si nzuri, mwombeeni. Baba yangu alipofariki mimi nikiwa Riyadh, mjomba alinipigia akasema, "Baba yako hajisikii vizuri, mama, muombee." Sikumuuliza ana nini wala yuko hospitali gani. Niliposikia ile muombee nikavua viatu nikakaa chini nikaanza kulia, na mjomba akaniacha nilie, akakata simu. Kila mtu kwetu anaijua lugha hiyo. Ugonjwa unatangulizwa mbele ili kifo kikifika kikute moyo umeshakaa kitako.

Basi nikamwambia Nanay, "May sakit po siya." Anaumwa. Nikainamisha kichwa, nikasubiri.

Nanay akashusha pumzi ndefu, akasema, "Ah, may sakit lang pala." Kumbe anaumwa tu. Akajigusa kifua akacheka kidogo kwa kupata nafuu. Ijumaa ile Ate hakuwa amempigia kama kawaida, na bibi alikuwa ameshaanza kuogopa jambo baya zaidi.

Nikatafuta neno la kurudisha nyuma nililosema, na hapo ndipo nikajua sina maneno. Ate alikuwa amenifundisha kuuliza. Nilikuwa na maswali ya kutosha kupikia, kufulia, kumwamkia mzee, kujua mtu anaumwa wapi. Kueleza sikufundishwa, kwa sababu aliyekuwa akieleza ni yeye. Bibi akaniuliza anaumwa nini, nikagusa kichwa changu. Akaniuliza kama amekunywa dawa, na hilo nililielewa, maana niliwahi kumuuliza Ate hivyohivyo. Nikasema "opo", ndiyo. Akataka kumwona. "Tulog po siya," nikasema. Amelala.

Tangu siku hiyo hakungoja Ijumaa. Alipiga kila siku. Majirani walikuja kukaa naye, nikawaona wamewasha mishumaa mbele ya picha ya Ate ya ujana, na kwa sekunde moja nikamshukuru Mungu, nikadhani wameelewa. Hapana. Walikuwa wanaomba apone. Mwanamke mmoja jirani akaninyanyulia tangawizi kwenye kioo, akanionyesha kwa mikono jinsi ya kuiponda na kuichemsha nimpe mgonjwa. Nanay anauliza kichwa bado kinamuuma, anakula, usiku analala. Akaniambia mbuzi bado yupo. Mimi najibu ndiyo, hapana, kidogo, amelala, na kila jibu nililotoa lilimnenepesha tumaini. Nilikuwa namuona kabisa anavyopata nguvu. Alianza kuvaa nguo nzuri kupokea simu, maana siku yoyote mwanawe angeamka wakaonana.

Nikaacha kula. Madam akadhani ni majonzi, na yalikuwa majonzi, lakini kulikuwa na hili juu yake. Nilimuuliza baba kama wakala amewaambia kwao. "Bukra, inshallah," akasema, kesho. Nikamwambia mama yake anapiga simu kila siku. Akasugua paji la uso, akasema mwambie yuko sawa mpaka tumalize. Hapo nilimjibu. Nikamwambia, baba, miaka yote mmemwambia yule bibi baadaye, sasa amekufa na bado mnamwambia baadaye? Nilisema kwa Kiarabu kibovu, nina hakika niliwageuza wote wanawake, lakini alielewa. Madam alikuwa amesimama nyuma yake na hakunikemea. Akashusha macho.

Ijumaa iliyofuata madam alinichukua Balad, mji wa kale wa Jeddah, akanunue vitambaa, nimshikie mizigo. Nadhani alitaka tu nitoke nje ya nyumba. Balad ilikuwa inakarabatiwa, nyumba za mawe zimezungushiwa vyuma, na humo ndani vimekaa vikahawa vinavyopiga muziki, watoto wa kike wanapigana picha chini ya roshani za mbao. Kwenye duka la vitambaa niliona Mfilipino wa umri wangu anapima lasi. Nikamsogelea nikamsalimia kwa lugha yake, na yeye akafurahi mpaka akaacha lasi. Nikamuuliza kwa Kiarabu, kwenu mtu akifa mbali, mama yake anaambiwaje?

Nilimweleza yote. Nilipofika pale pa kusema anaumwa, akaniuliza kwa nini nilisema hivyo. Nikamwambia ndivyo tunavyosema. Hakunihukumu. "Sisi ukisema anaumwa," akasema, "anaumwa. Tunawasha mishumaa. Tunapika supu. Huyo mama sasa anapigania uhai wa mtu aliyekwisha kufa, dada, na atapigana mpaka aishiwe nguvu." Akaniandikia kwenye simu namna ya kusema. Hawasemi amekufa, si kwa mama. Wanasema "Wala na po siya," hayupo tena. Nikamwambia hata sisi tunasema hatunaye. Akajitolea kumpigia yeye, kwa kuwa lugha ni yake, asingejikwaa.

Nikataka sana kukubali. Nilikuwa na simu mkononi, nimeshamnyooshea. Kisha nikafikiri, huyu bibi atapigiwa na sauti asiyoijua, na mimi aliyekuwa ananiita mwanangu nitakuwa nimejificha nyuma ya mlango. Nikairudisha simu mfukoni. Madam akaita yalla, tukaenda.

Kesho yake asubuhi nikapanda paani na nguo mbichi ambazo sikuzianika. Nilipiga mwenyewe, nisingoje anipigie. Nanay alitokea na gauni la bluu, nywele zimechanwa, na alipoona ni mimi peke yangu akachungulia kando ya kioo, kana kwamba Ate amekaa pembeni yangu. Nikasema, "Nanay." Nikasema tena, "Nanay, wala na po siya."

Hakupiga kelele. Akaacha kuchungulia kando. Kisha akauliza, "Kailan pa?" Tangu lini? Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko lote. Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema usiku huu, na siku zake zote za mishumaa na tangawizi zikabaki na maana. Lakini nilikuwa nimeshamfungia kifo ndani ya ugonjwa mara moja, na nilikuwa nimeona nilichomfanyia. Nikamwambia, "Noon pa po." Zamani, kabla ya yote.

Akafumba macho. Nikaona anahesabu, anarudi nyuma siku moja moja, kila alipouliza na kila nilipomjibu amelala. Nilingoja anilaani, na Wallahi ningeipokea. Alipofumbua macho akauliza kwa sauti ndogo, "Mag-isa lang ba siya?" Je, alikuwa peke yake?

Niliifikiria sinema, na bisi, na mlango niliochungulia nikauegesha. "Opo," nikasema. "Mag-isa po."

Ndipo akalia. Alilia bila kuificha sura, midomo imepinda kama ya mtoto, na mimi sikuwa na neno hata moja la kumpoza, kwa lugha yoyote. Nilisimama pale nimemshikia simu, na yeye upande wa pili amenishikia. Majirani wakaanza kuingia, nikasikia viti vinaburutwa, mtu anauliza nini, nini. Nanay akawanyamazisha kwa kiganja. Alisogeza uso karibu kabisa na kioo, akanitazama mimi, na mashuka mabichi, na lile paa tupu lililokuwa nyuma yangu.

"Ikaw, anak," akasema, "sino ang kasama mo diyan?" Na wewe, mwanangu, uko na nani huko?

"Wala po," nikamwambia, hakuna, na bibi ambaye nilikuwa nimetoka kumwambia mwanawe amekufa peke yake akaanza kunililia mimi.